Aliyelipa Yuko Minnesota, Anayelia Yuko Hapa

Mmeuliza wiki hii: "Kazi ya kurusha laivu mtandaoni inalipa, au inamla mtu?" Najua majibu mengi yatatoka kwa vijana wa TikTok wanaokesha mbele ya simu na taa ya duara wakiomba zawadi. Sina neno nao. Zawadi ya waridi ni sarafu 1 ya TikTok, ya simba ni sarafu 29,999, na katikati hapo kuna usiku mrefu wa kupambana dakika tano tano na mtu usiyemjua, kuona nani atazawadiwa zaidi. Mdogo wangu alijaribu miezi minne akaacha, sauti imemkauka kama ya makanga wa Kondele. Lakini tuko wengine ambao hatuombi waridi. Mimi hurusha laivu mazishi.

Nilianza 2020, wakati serikali iliposema mazishi yasizidi watu 15 na koo nzima zikabaki kulilia kwenye simu. Kabla ya hapo nilikuwa nikipiga video za harusi hapa Kisumu. Harusi zikafungwa. Bwana harusi wangu wa mwisho ndiye aliyenipigia: babake amefariki, ndugu zake wanne wako nje, "na wewe si una kamera?" Nikadhani ni kazi ya msimu. Korona ikapita, watu wakarudi matangani kwa mabasi, na simu yangu haikunyamaza. Maana mtu aliye Minneapolis bila karatasi hawezi kuja hata mipaka ikiwa wazi. Akitoka, harudi. Mazishi ya saa nane mchana huku Siaya yeye anayatazama saa kumi na mbili asubuhi, na miezi yao ya baridi ni saa kumi na moja, giza tupu, kisha anaenda kazini.

Watu hudhani shida yetu ni kamera. Shida ni mtandao. Picha ya ubora wa 720, ambayo si ya kujivunia, inataka kupandisha megabiti 4 hivi kila sekunde bila kukatika. Kwa saa sita hiyo ni karibu jigabaiti 11. Nabeba laini za kampuni mbili tofauti, na siku hizi familia zenye uwezo hukodi sahani ya Starlink, tunaiweka juu ya banda la ng'ombe. Pasipo sahani, asubuhi mambo ni shwari, unajiona fundi. Kisha gari la maiti linaingia bomani, watu mia nane wananyanyua simu zao kwa pamoja, mnara wa kijiji unalemewa, na picha inaganda askofu akiwa kinywa wazi. Hapo kundi la WhatsApp la familia linawaka. "Sauti hakuna." "Mbona imesimama?" "Tunalipa nini sasa?" Nimejifunza kutolisoma hadi jioni.

Kuna adui mwingine ambaye sikumtarajia: dijei. Anaweka wimbo wa injili wa msanii maarufu jeneza likishuka, mashine za YouTube zinautambua, na onyo la hakimiliki linatua kwenye skrini yangu. Ukipuuza, wanaweza kufunika picha yako au kukukata kabisa, na kwa mteja wewe ndiwe uliyezika babake gizani. Kwa hiyo kabla ya kufungua hata begi namtafuta dijei, namnunulia soda, tunaelewana. Kwaya ya akina mama wa kanisa haina matata. Waimbe hadi jioni.

Na laivu si laivu kamili. Picha huchelewa sekunde ishirini au zaidi. Nimemwona shangazi akishika simu sikioni, anaongea na binti aliye Dallas, huku binti huyo anatazama chaneli yangu. Jeneza lilipoanza kushushwa kaburini mayowe yalimfikia binti kwa simu wakati kwenye skrini yake watu bado wamesimama kimya. Alikuwa akiuliza, "Ni nini? Kumetokea nini?" Siwezi kulirekebisha hilo.

Lakini hayo yote ni ya ufundi, na ufundi hauninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni swali la bosi wangu ni nani. Anayelipa mara nyingi yuko mbali. Aliyefiwa hasa, yule atakayelala peke yake kwenye nyumba ile Jumapili usiku, hakuniita na hajui bei yangu.

Nilikuwa boma moja upande wa Gem. Aliyelipa ni kifungua mimba, yuko Minnesota, na sharti lake lilikuwa moja: kila kitu kionekane. Jeneza lilipofunguliwa mara ya mwisho, mjane alipiga magoti, leso ikamwanguka mabegani. Hakulia. Alianza kuongea na mumewe taratibu, kama mtu anayemwamsha. "Mzee, funguo za stoo uliziweka wapi?" Akauliza tena. Maiki yangu ilikuwa karibu, ilinasa hadi pumzi. Watazamaji walikuwa zaidi ya mia nne. Bibi mmoja aliyesimama nyuma yangu akanigusa kiwiko, akasema, "Nyathina," yaani mwanangu kwa Kijaluo, "wacha hiyo."

Nikafunga sauti, nikageuza kamera kwenye mwembe. Dakika moja na nusu ya mwembe, na mtungi wa manjano ulioning'inia kwenye tawi. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Jioni kijana wa Minnesota akanipigia: "Nilikulipa nimwone mamangu, wewe ukanionyesha mti."

Alikuwa na haki. Yule alikuwa mama yake, si wangu. Na bibi naye alikuwa na haki. Salio la shilingi 12,500 halikuja, nami sikulifuata. Tangu siku hiyo, ninapofika bomani Ijumaa kuangalia mtandao, naomba kuketi na mwenye msiba mwenyewe na kumuuliza: jeneza likifunguliwa, kamera iangalie wapi? Wengine husema, "Onyesha, waone walivyochelewa." Wengine hutikisa kichwa tu. Jibu hilo ndilo nalifuata, na wateja kadhaa wa ng'ambo wameniacha kwa sababu hiyo.

Mnauliza inalipa? Kwa siku nzima na kamera mbili natoza shilingi 25,000. Toa vijana wawili, mafuta ya jenereta, gari na bando, kinachobaki ni kodi ya nyumba na karo, ikiwa mwezi una mazishi matatu. Ndiyo, mtu hujikuta anahesabu hivyo, na hujisikia vibaya. Pesa za YouTube yenyewe niliziacha. Masaa 4,000 ya kutazamwa wanayotaka ndipo wakulipe niliyapita mapema, mazishi ni marefu, na wafuasi 1,000 wakafika baadaye. Nikawasha malipo. Wiki ya pili tangazo la kamari likaruka katikati ya sala ya wafu. Nikazima siku hiyo hiyo. Ile kodi ya asilimia 5 ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 inakata kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, kwangu haina cha kukata.

Faida? Niwasimulie moja. Nesi mmoja aliye Uingereza alikuwa akimzika mamake kupitia kwangu, huko Vihiga. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, bado hajavua sare. Sala ya mwisho ikaisha, watu wakaelekea kwenye sufuria, vijana wangu wakaanza kukunja nyaya. Ujumbe ukaingia: "Usizime. Waache wamalize kufukia."

Nikaacha kamera moja pale kwenye stendi. Vijana wa koleo wakamaliza, wakapiga udongo kwa mgongo wa koleo, wakaweka mashada, wakaondoka. Tenti zikashushwa. Kwenye kona ya skrini idadi ya watazamaji ilikuwa 1. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kama dakika arobaini, sina la kufanya, narusha laivu kaburi kwa mtu mmoja. Betri ya mwisho ilipofika asilimia 3 nikamwandikia kwamba inazimika. Kuku alikuwa amepanda juu ya ule udongo mbichi, anachakura.

Akajibu, "Ngoja kidogo. Huyo kuku mwekundu ni wa mama."

Msomaji wenu, Kondele, Kisumu