Homa inayoondoka na kurudi

SWALI: Mkwe wangu ana mimba ya miezi sita. Alishikwa na homa kali siku tatu, ikamwacha, na baada ya wiki imerudi. Kipimo cha malaria kinasema hana. Tunakaa kwenye tembe na analala chini.
Mama, Mvumi, Dodoma

JIBU: Mama, mpelekeni hospitali leo hii, homa ikiwa bado juu. Dalili hizo zinaelekea kwenye homa ya papasi, yaani homa inayoletwa na papasi, kupe laini wa kwenye nyufa za nyumba, inayojulikana huko kwenu tangu zamani. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuigundua. Mwelezeni mhudumu kwamba nyumba ni ya udongo na homa inakuja kwa vipindi, kisha ombeni damu ipakwe kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini. Vijidudu vyake, vilivyojisokota kama skrubu, huonekana homa inapopanda. Ikishuka huwa vichache mno, hata mpimaji hodari anaweza kuvikosa.

Msimnunulie dawa dukani. Doksisaiklini wanayopewa wengine haimfai mjamzito. Yeye kwa kawaida hupewa erithromaisini au penisilini. Tena dozi ya kwanza aipate akiwa wodini, kwa sababu saa chache baadaye vijidudu hufa kwa wingi, na mgonjwa anaweza kutetemeka, homa ikapanda na presha ikashuka ghafla. Ugonjwa huu huharibu mimba na humfikia mtoto tumboni. Tafadhali msichelewe.

Nyumbani sasa. Papasi hutoka kwenye nyufa usiku, hunyonya kwa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni, asubuhi hamumwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kukihama chumba miezi michache hakumuui. Mpeni mkwe kitanda, kiwe mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro. Zibeni nyufa za ukuta na sakafu. Mkipata saruji, anzeni na sakafu ya chumba chake. Kuku nao hunyonywa na papasi, wasilale ndani.

SWALI: Kupe wa ng'ombe kaning'ang'ania mguuni. Nimpake mafuta ya taa?
Mfugaji, Kajiado

JIBU: Hapana, wala usimchome moto. Mbane kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu moja kwa moja bila kumzungusha wala kumminya tumbo. Osha kwa sabuni. Ukipata homa, au kigaga cheusi pale alipouma, ndani ya wiki mbili, nenda kituo cha afya na useme uliumwa na kupe.