Nyeusi au nyeupe? Maswali yenu kuhusu graniti ya jikoni

Maswali niliyopokea safari hii yote ni ya jiwe la kaunta, na karibu kila moja linaanzia kwenye rangi. Marefu nimeyafupisha.

Jiko letu ni dogo, dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani. Mume wangu anataka graniti nyeusi, mimi nataka nyeupe. Tuamulie. (Mbezi)

Dada, ugomvi wa mke na mume siuingilii, lakini jiko naliingilia. Nyeusi iliyong'arishwa hupendeza penye mwanga wa kutosha, ikapata cha kuakisi. Kwenu mwanga unaupata kwa hisani ya ukuta wa jirani. Nyeusi itaumeza huo kidogo uliopo, na saa kumi na moja jioni utakuwa unachambua mchele kwa taa. Hapo mumeo ameshindwa. Ila nawe hujashinda, maana jiwe jeupe tupu katika nyumba inayopika mchuzi wa binzari kila siku linataka mtu wa kulifuta saa zote.

Chukueni la katikati: kijivu cha kung'aa, au rangi ya maziwa yenye chengachenga za kahawia na nyeusi. Ile inayouzwa kwa jina la Santa Cecilia, inayotoka Brazili, iko kundi hilo. Ni ya manjano ya mchanga, ina madoa meusi na vidoti vyekundu vilivyoiva kama kahawia. Punje ya wali ikidondoka hapo huioni mpaka uinamie, na hiyo kwangu ni sifa kubwa ya kaunta.

Kabla ya kulipa, omba kipande cha jiwe uende nacho nyumbani, hata kwa kuacha amana. Kilaze juu ya kabati lako karibu na vigae vyako, ukitazame asubuhi, kisha ukitazame tena usiku kwa taa mnayoitumia. Taa za dukani ni nyeupe na kali. Kwa balbu ya njano, kijivu ulichokipenda kinaweza kugeuka rangi ya udongo. Na picha ya simu isikuamulie chochote.

Nimeweka nyeusi, sasa pembeni ya bomba kuna ukungu mweupe usiotoka hata nikisugua. Nimeuziwa jiwe bovu? (Kigamboni)

Kabla ya kumlaumu muuzaji niambie: maji yenu ni ya kisima? Kama ndiyo, huo si ubovu wa jiwe. Maji magumu yana chokaa nyingi, na tone likikauka juu ya kaunta maji huenda zake na chokaa hubaki. Kwenye jiwe la madoadoa chokaa hiyo ipo vilevile ila huioni. Kwenye nyeusi inasomeka kama chaki ubaoni.

Ulichonacho kiondoe kwa wembe mpya. Lowesha kwanza, laza wembe karibu usawa wa jiwe, sukuma taratibu. Utasikia chokaa ikikwaruzika na kutoka unga. Jiwe lenyewe ni gumu, halikwaruziki kirahisi kwa wembe uliolazwa hivyo. Ndimu na siki ziache. Graniti huvumilia asidi ya jikoni kuliko marumaru, lakini ile dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe huchakazwa nayo, na ukizoea kumwaga siki hapo utarudi na swali jingine. Baada ya hapo dawa ni kitambaa kikavu kila ukimaliza kuosha vyombo. Nyumba ambayo msichana wa kazi, watoto na wageni wote wanafungua bomba lile lile, kitambaa hicho hakitashikwa. Ndiyo maana mtu wa maji ya kisima akiniuliza kabla ya kununua, nyeusi namwambia aiache.

Rafiki yangu mwanajiolojia anasema graniti yangu nyeusi si graniti. Ananitania? (Nairobi)

Hakutanii. Graniti ya kweli ina madini mengi ya kwazi na feldspa, ambayo ni ya rangi nyepesi, ndiyo maana huwa ya kijivu, ya waridi au nyeupe. Mawe mengi meusi ya dukani ni gabro, jiwe jingine la rangi nzito, au ndugu zake. Hata Black Galaxy ya India, yenye vimetameta vya dhahabu, na Blue Pearl ya Norwei, ambayo kwa jina lake halisi ni lavikaiti, yanauzwa kama graniti. Kwa mpishi hayo hayana neno. Ni mawe magumu na mazuri.

Cha kuogopa ni jiwe la kijivu lililopakwa rangi likauzwa kama jeusi. Lowesha kitambaa cheupe kwa asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usugue pembeni. Kitambaa kikitoka cheusi, rudisha pochi mfukoni. Rangi hiyo hupauka, na sehemu ya kwanza kupauka ni karibu na dirisha.

Nyeupe inanyonya madoa kweli? (Arusha)

Nyingine ndiyo, nyingine sivyo, na jibu utalipata dukani. Mwaga kijiko cha maji juu ya jiwe, subiri dakika 15, futa. Pakibaki kivuli cheusi, jiwe linakunywa; litahitaji dawa ya kuziba kabla ya kutumika, na kurudiwa jaribio hilo hilo likianza kuonyesha kivuli tena. Doa la mafuta likiingia, kanda soda ya kuokea na maji iwe uji mzito, pakaza, funika kwa nailoni mpaka kesho yake. Binzari ni mkaidi zaidi, ifute ikiwa mbichi.

Naweza kuweka jiko la mkaa juu ya graniti? Ni nyeusi, haitaonyesha masizi. (Tanga)

Masizi hayataonekana, ufa utaonekana. Sufuria ya moto kwa muda mfupi jiwe linahimili, ila moto wa saa nzima mahali pamoja huku pembeni pakiwa pa baridi ni jambo jingine. Jiko liweke chini, nje.

Fundi ameleta mabamba mawili ya jina moja, rangi hazifanani. Anasema nitazoea. (Mwanza)

Usizoee, kama hajakata bado. Jina ni la biashara. Jiwe hubadilika ndani ya machimbo hayo hayo. Mabamba yanayofuatana hukatwa kwenye bonge moja, na mara nyingi huandikwa namba ubavuni. Ziangalie. Kisha yasimamishe pamoja juani, mishipa ikielekea upande mmoja. Wewe uliyekua ukitazama mawe ya Bismarck pale ziwani Mwanza unajua kuwa graniti haina rangi moja, lakini kaunta moja inatakiwa iwe nayo.

Bajeti ni ndogo. Rangi ipi ni nafuu? (Morogoro)

Za kawaida, hasa vijivu. Bluu ndiyo ghali. Lakini kwa jiko dogo, kabla hujauliza rangi, uliza mabaki. Kiwanda kikimaliza kaunta ya mtu mwenye jumba, hubaki na vipande visivyotosha jiko kubwa. Nenda na vipimo vyako, pamoja na vya sinki, na uwe tayari kuchukua rangi iliyopo. Mlete na kijana wa kubeba: mita moja ya mraba yenye unene wa milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi, na bodaboda atakuambia anaiweza.