Umeme wa mkondo wa bahari: anzeni na barafu, si na taa

Kijiji cha pwani kikitaka umeme wa bahari, mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya mtambo. Acheni bei kwanza, tafuteni chupa tupu, kamba na saa.

Tieni mashua nanga pale mlango wa maji unapobana. Jazeni chupa ya lita moja na nusu maji robo tatu, ili sehemu yake kubwa izame na upepo usiisukume. Ifungeni kamba nyembamba ya mita 20, muiachie, mhesabu sekunde hadi kamba ikaze. Sekunde 20 ni mwendo wa mita 1 kwa sekunde. Sekunde 10 ni mita 2. Rudieni kila nusu saa mchana, maji yakijaa na yakipwa, siku 15 mfululizo, ili bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) na maji mafu (siku za kati, mkondo unapolegea) yote yaingie daftarini.

Siku 15 zina sababu: tofauti ndogo ya kasi ni tofauti kubwa ya umeme. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwenye mita 1 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya maji hupitisha takriban wati 512, kwenye 1.5 ni wati 1,730. Kwenye 2 ni 4,100. Rafadha (mapanga yanayozungushwa na maji) yenye kipenyo cha mita 2 hunasa kama theluthi ya nguvu hiyo, kwa hiyo mkondo wa 1.5 utatoa karibu kilowati 1.8 ukiwa kileleni. Mkondo usiofika mita 1 hata siku ya bamvua uacheni, nunueni paneli za jua.

Tuseme bamvua lenu lina kilele cha 1.5. Kwa kuwa maji husimama mara nne kwa siku, na baadhi ya umeme hupotea njiani, tarajieni uniti kama 14 kwa siku. Maji mafu yakija na mkondo ukashuka nusu, mtabaki na uniti mbili hivi. Hapo ndipo miradi ya kuwasha taa hufa: wiki moja kijiji kinang'aa, wiki inayofuata watu wanaulizana pesa imekwenda wapi.

Barafu haina shida hiyo, maana yenyewe ni akiba. Kwa joto la pwani, hesabuni uniti 80 hadi 100 kwa tani. Mashine ndogo sana hula zaidi. Siku nzuri ya bamvua itawapa kilo 150 hivi, za kutosha kilo 150 za samaki. Bamvua la mwezi mwandamo huangukia usiku wa giza, wakati wavuvi wa taa wako kazini. Huko Yell, katika visiwa vya Shetland, Uskoti, mtambo wa kilowati 30 uliomilikiwa na wenyeji ulizamishwa mwaka 2014, na kiwanda cha barafu cha bandari ya Cullivoe kilikuwa miongoni mwa wateja wake.

Msiunganishe kompresa ya mashine ya barafu moja kwa moja na mtambo. Inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na jenereta ndogo itakwama. Wekeni betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe mashine) katikati, pamoja na hita ya maji ya kula umeme unaozidi. Betri zikijaa na umeme ukakosa pa kwenda, rafadha hukimbia ovyo na kidhibiti huungua.

Mtambo uninginizwe chini ya chelezo, kwenye mhimili unaoinuka. Mkiufunga sakafuni mwa bahari mtahitaji mpiga mbizi kila jambo dogo, na maji yakisimama mna dakika chache tu za kufanya kazi. Uinueni kila wiki mbili mkwangue kome na majani. Mapanga yaliyoota uchafu hupoteza nguvu haraka. Kagueni oili sili, mpira unaozuia maji kwenye mhimili (maji yakiingia kwenye jenereta, jenereta imekwisha), badilisheni kipande cha zinki, kinacholiwa na kutu badala ya mtambo, kabla hakijaisha chote, na msichanganye bolti za chuma cha pua na fremu ya alumini bila kutenganisha kwa plastiki. Waya unaopita juu ya mwamba uvisheni bomba, la sivyo utasagika.

Mawimbi? Ndani ya mwamba wetu ni madogo, na nje wakati wa kusi huvunja vitu. Mutriku, Uhispania, kituo cha umeme wa mawimbi kilianza 2011 kikiwa na mitambo 16 yenye jumla ya kilowati 296, lakini imejengwa ndani ya ukuta wa bandari. Kama hakuna ukuta unaojengwa kwenu, pitieni mbali.

Kabla ya kununua chochote, kaeni na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe) na wenye nyavu mkubaliane njia ya vyombo, kisha fuateni kibali cha mazingira. Wavu ukinasa kwenye rafadha, mwenye wavu na mwenye mtambo wote hupata hasara, basi andikeni mapema nani atamlipa nani. Pesa ya barafu ilipie kwanza sili, zinki na betri; gawio lifuate baada ya hapo.