Mtoto wa Ujiji nimelala hosteli Paje siku tano, dada wa Kasulu hili ndo jibu lako

Juzi usiku dada mmoja wa Kasulu kaniandikia, anasema kadunduliza hela mwaka mzima, anataka aende Zanzibar mwenyewe alale hosteli, ila shangazi yake kamwambia mwanamke anayekwenda pwani peke yake ana lake jambo. Ile meseji nimeisoma mara tatu. Maana maneno hayo hayo niliambiwa na mimi, tena na watu wa nyumbani kabisa, na mpaka leo yananiuma.

Kwanza tuelewane. Huku kwetu ukisema hosteli mtu anawaza wanafunzi. Kule Paje, Zanzibar, unalipia kitanda, siyo chumba, mnalala sita au wanane kwenye vitanda vya dabodeka, choo cha pamoja, jiko la pamoja. Ndo maana bei inashuka na ndo maana mimi nayeuza vitenge Mwanga ya Kigoma niliweza kukaa siku tano bila kukopa kwa mtu.

Treni nairuka, zaidi ya kilometa 1,200 mpaka Dar mnazijua wenyewe. Boti ni kama masaa mawili, kitambulisho cha taifa usikisahau maana ndo kinakupa nauli ya Mtanzania. Mjini nikapanda daladala ya Jambiani namba 309 inayopita Paje, tukapita msitu wa Jozani wenye wale kima punju, alasiri nikashuka na begi langu.

Sasa hapa mapokezi niacheni nikae kidogo. Kijana aliniangalia toka kichwani mpaka miguuni akaniuliza, "Dada, umemfuata nani hapa?" Nikamwambia nimekuja kulala. Akasema kazi za usafi nirudi Jumatatu nionane na bosi. Kitanda nilikuwa nimeshakilipia kwa simu wiki mbili nyuma, risiti ninayo! Wakaja wazungu wawili nyuma yangu, hawajalipia chochote, wakakaribishwa viti na juisi, mimi nimesimama na risiti mkononi. Pale sikulia. Nililia usiku, kitanda cha juu, nimegeukia ukutani. Yaani kwenye nchi yako mwenyewe ukionekana peke yako ufukweni basi unatafuta kazi au unatafuta mzungu, hakuna anayewaza kwamba na wewe umechoka na unataka kupumzika.

Asubuhi nikamfuata meneja, mama mtu mzima, nikamsalimia vizuri nikamweleza yote. Aliniomba radhi akanihamishia chumba cha wanawake watupu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, tunza risiti na usinyamaze. Na uulizie chumba cha wanawake kabla hujalipa, wengi hatujui kama kipo.

La pili ni bahari, na hapa nisikilize kwa makini kwasababu sisi wa Kigoma tunajiamini sana na maji. Nimekulia ziwani, Tanganyika ina kina cha mita 1,470, nilijua kuogelea kabla sijaanza shule. Ila ziwa letu halikupwi wala halijai, ndoo uliyoiacha ufukweni jana leo unaikuta pale pale. Siku ya pili naamka, bahari imeondoka! Mchanga na vidimbwi tu mpaka kule mbali mawimbi yanakovunjika kwenye miamba. Nikavaa ndala nikatembea, naokota kombe, napiga picha, nikawapita kina mama wanaovuna mwani kwenye vigingi vyao, nikaenda tu, zaidi ya nusu saa naenda. Mara nasikia, "We mwana, rudi! Maji yajaa hayo!" Nageuka naona maji yameshapita nyuma yangu, kati yangu na nchi kavu, kumbe hayaji kwa mbele kama nilivyodhani, yanaanza kujaza mabonde ya nyuma wewe uko kwenye kilima cha mchanga unajiona salama. Yule mama alinifuata akanishika mkono, gunia la mwani kichwani, tukavuka yakatufika kifuani.

Ndo akanifundisha. Maji yanakupwa kama masaa sita na yanajaa kama masaa sita, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana yake, kwa hiyo ratiba ya jana isikudanganye. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yanatoka mbali zaidi na yanarudi kwa kasi. "Kabla hujashuka tuulize sie," ndo alivyosema. Nilitaka kumpa hela akakataa kabisa. Siku ya kuondoka nikampelekea kisado cha dagaa wa Kigoma nilichokuwa nimebeba nipike mwenyewe, alifurahi mpaka akaniita mwanangu mbele ya wenzake.

Kwa hiyo dada zangu, nendeni. Wazee wa Ujiji walikwenda pwani kwa miguu enzi za misafara na hakuna aliyewauliza wamemfuata nani. Mwanaume akisafiri mwenyewe anaitwa mtafutaji, mwanamke akisafiri mwenyewe anatafutiwa jina, na wanaotutafutia majina ni sisi kwa sisi, mashangazi na marafiki. Acheni. Hela yako umeitolea jasho, kalale unapotaka, na ukidharauliwa usinyamaze, narudia tena, usinyamaze.

Wewe wa Kasulu beba kufuli dogo la kabati, tochi, na kanga mbili, maana Paje ni kijiji cha watu na dini yao, nguo ya kuogelea iishie ufukweni. Kabla hujashuka majini waulize kina mama wa mwani. Ukimwona mmoja mrefu anacheka kwa sauti, mwambie yule wa dagaa anamsalimia, na mwaka huu Mungu akipenda nampelekea na mawese.