Kuhusu ile ya "deni ni la serikali, mimi linanihusu nini"

Ndugu yangu hapo kwa "wacha wakope, ni deni lao" siwezi nyamaza. Si lao. Mwaka wa 2013 deni la Kenya lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9, 2023 likapita trilioni 10, na ule ukomo wa deni wa trilioni 10 wenyewe bunge likautoa mwaka huohuo likaweka asilimia 55 ya pato la taifa. Hiyo pesa inalipwa na nani? VAT ya mafuta, ule ushuru unaongezwa kwa bei, ilitoka asilimia 8 ikaenda 16 mwaka wa 2023, ukipanda matatu Kayole kuja tao unalipa, ukinunua unga unalipa juu hiyo lori ilikunywa dizeli, na hujawahi ulizwa.

Naelewa watu wamechoka, walitoka Juni 2024 wakapinga mswada wa fedha, wengine wakapigwa risasi wakafa, mswada ukaondolewa lakini kukopa kukaendelea. Inauma sana. Na mwezi wa pili mwaka huohuo tulikuwa tumechukua Eurobond mpya, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya riba ya asilimia 9.75 ndio tulipe ile ya 2014 ya asilimia 6.875, yaani deni la bei ghali kulipa la bei nafuu!

Lakini Katiba kifungu cha 211 kinasema bunge likipitisha azimio, waziri wa fedha ana siku saba kueleza mkopo wowote, umechukuliwa kiasi gani na umetumika aje. Mbunge wako amewahi kuomba hiyo? Muulize hiyo akikuja kwa mazishi ama harambee, mbele ya watu.