Je, ni kweli Waajemi laki sita walipigana na Waathene Marathon, Ugiriki?
Hapana, hiyo laki sita ni ya Justinus, mwandishi wa Kirumi aliyeandika karne nyingi baada ya vita vya 490 KK. Herodotos, mwanahistoria Mgiriki na chanzo chetu cha karibu zaidi, hataji kabisa idadi ya jeshi. Anataja merikebu 600 tu. Wengi huzidisha mara watu 200 kwa kila merikebu, wanasahau kwamba 170 kati yao ni wapiga makasia. Ukibakiza 30 kwa kila chombo unapata 18,000, na makadirio mengi ya leo huzunguka 20,000 hadi 25,000 hivi. Ila hata hiyo 600 ina walakini: Herodotos anaitaja tena kwa meli za Dario, mfalme wa Uajemi, dhidi ya Waskithia, na tena kwa meli za Waajemi katika vita vya baharini vya Lade, kwa hiyo huenda ni namba ya mazoea tu. Waathene 192 waliokufa, hao naamini.