Sihitaji Kitu

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe.

Majuma mawili yaliyopita mliuliza: "Kiburi cha Mkristo hujificha wapi, na wewe ulikitambuaje?" Nimesoma majibu mliyokwisha kuyachapisha. Msomaji mmoja ametaja fedha na vyeo. Mwingine anasema mnyenyekevu ni yule anayenyamaza akionewa, na hilo nitalirudia kwa sababu limeniuma. Kwangu mimi kiburi kilijificha mahali ambapo hata mchungaji asingefikiri kukitafuta: kwenye utoaji wangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, huku Bukoba vijijini. Usharika wetu ni wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na nimekuwa mhazini wake kwa miaka 19. Anayezijua ibada zetu anajua kinachofuata baada ya baraka. Tunatoka nje tukiimba, tunasimama kwa duara, mnada unaanza. Mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, sado ya maharage, mayai kwenye kikapu: sadaka za watu wasio na fedha taslimu. Mzee anayenadi anamwinua kuku juu, "Elfu nane! Elfu tisa kwa baba pale!" Mimi nilikuwa nawaacha wenzangu wapande mpaka wachoke, ndipo nataja bei yangu, mara moja tu, kwa sauti ya chini, na watu wote wanageuka. Halafu nasema, "Arudishwe mnadani." Kuku anauzwa mara ya pili. Vigelegele. Kuna Jumapili nilirudi nyumbani nimeshiba vile vigelegele kuliko nilivyoshiba Chakula cha Bwana.

Sisemi sadaka zile hazikufanya kazi. Bati za nyumba ya mwinjilisti zimetoka humo. Ila kulikuwa na jambo la pili ambalo hakuna aliyelipigia vigelegele, nalo ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe: nilikuwa sipokei. Jirani akiniletea bakuli la maembe, bakuli lilirudi kwake siku hiyo hiyo likiwa na kilo ya sukari. Najua, desturi yetu ni kwamba chombo hakirudi kitupu, na ni desturi nzuri, inawafunga watu pamoja. Mimi niliitumia kujifungua. Sikutaka deni la mtu lilale ndani ya nyumba yangu.

Machi 2021, mvua za masika zimeanza, niliteleza kwenye mteremko nikitoka kwenye ibada ya jumuiya ya majirani asubuhi na mapema. Mguu wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Nilifungwa hogo mpaka pajani, nikaambiwa wiki 8 bila kuukanyagia. Wanangu wako mbali, mmoja Mwanza, wawili Dar es Salaam. Kila aliyepiga simu nilimjibu, "Sihitaji kitu, niko salama." Akina mama wa umoja wa wanawake wa usharika walipokuja niliwapokea kitini nimejipaka mafuta na kujifunga kilemba, nikawashukuru, nikasema sihitaji kitu. Siku ya nne nilikuwa bado sijaoga.

Siku ya tano akaja mama mmoja mjane anayeuza karanga pale njia panda. Kwa miaka sita alikuwa akipitia kwangu kila mwisho wa mwezi, nampa kilo ya sukari na mche wa sabuni. Alipoingia akachukua beseni lililokuwa ukutani, akauliza kuni ziko wapi.

Nikamwambia, "Ahsante mama, mimi sihitaji kitu. Kaa upumzike."

Hakukaa. Akaniangalia, akasema kwa upole, kwa heshima ya Kihaya, "Mwalimu waitu, sukari yako nimeila miaka sita. Kuna siku ulinisikia nasema sihitaji?"

Sikuwa na jibu. Akachemsha maji, akayapooza huku akiyapima kwa kiganja, akakaza kitenge kiunoni na kupiga magoti sakafuni. Mguu usiovunjika akausugua kwa dodoki, kidole kwa kidole, mpaka kisigino, ambako tope la siku ile niliyoanguka lilikuwa bado limeganda. Kisha akafuta vidole vitano vilivyochungulia kwenye hogo, kimoja kimoja, taratibu, asiniumize. Mikono yake ilinukia karanga za kukaanga. Nililia, naye akadhani ni maumivu, akawa ananipa pole. Nilichokuwa nakiona wakati ule ni kwamba kwa miaka sita sikuwahi kukanyaga kwake. Yeye alikuja mlangoni kwangu. Mimi kwake ningefuata nini, wakati nilishaamua kwamba hana ninachokihitaji?

Usiku nikafungua Yohana sura ya 13. Bwana amejifunga kitambaa, anawaosha wanafunzi miguu, anafika kwa Petro, naye Petro anasema, "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Watoto wa Shule ya Jumapili nimewafundisha miaka mingi kwamba yale ni maneno ya unyenyekevu, mwanafunzi anamwonea haya Mwalimu wake. Usiku ule niliyasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Ile ilikuwa "sihitaji kitu" ya Petro. Na jibu alilopewa ni zito: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami." Shirika! Lina shina moja na neno lililoandikwa kwenye kibao chetu pale barabarani: Usharika. Mimi mwenye funguo za sanduku la usharika nilikuwa karibu kukosa shirika lenyewe, kwa sababu ya kukataa kuoshwa.

Nikamkumbuka na mfalme Uzia, katika 2 Mambo ya Nyakati 26. Huwa hatumhubiri sana. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alijenga minara, alichimba visima, na Biblia inasema alipenda kilimo, jambo ambalo sisi watu wa migomba na kahawa tunalielewa vizuri. Maandiko yanasema alisaidiwa kwa namna ya ajabu hata akawa na nguvu, na alipokwisha kuwa na nguvu ndipo moyo ukainuka. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba mwenyewe, kazi ya makuhani. Kuhani Azaria na wenzake 80 wakamzuia, yeye akawakasirikia chetezo kikiwa mkononi, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Kinachonitisha pale ni kwamba hakuanza vibaya. Alisaidiwa, akasahau kwamba alisaidiwa. Kazi ya ualimu niliipata kwa karo iliyochangwa na ukoo mzima. Mjomba aliuza ng'ombe. Nilipoanza kutoa, nilitoa kama mtu ambaye hajawahi kupewa.

Nyumbani nilikuwa nimeonyeshwa njia tangu utoto. Mama yangu alikuwa mlokole. Ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda na kufika huku kwetu, ulikuwa bado una moto alipookoka akiwa msichana. Tulilala tukisikia "Tukutendereza Yesu" kwa Kiganda. Wao walisema kutembea nuruni: ukimkosea mtu, unamwendea leo, unalitaja kosa kwa jina lake. Kuna jioni ya mvua alinishika mkono tukaenda kwa jirani, mimi nimebeba koroboi, akamwambia yule mama, "Mchana nilikusema vibaya kisimani. Nisamehe." Basi. Tukarudi. Mimi nilimwonea aibu njia nzima, mtu mzima kujishusha vile. (Nimeona pia waliofanya kukiri kuwa mashindano, nani alikuwa mwenye dhambi kuu kuliko wote. Kiburi hujitafutia kiti hata kwenye toba.) Kumbe mama alikuwa na uhuru ambao mimi, na cheti changu cha ualimu na daftari la hazina, sikuwa nao.

Sasa nimjibu yule msomaji mwenzangu. Ndugu yangu, kunyamaza ukionewa si lazima kuwe unyenyekevu. Nimekaa na wanawake waliovimba uso, walioambiwa na watu wa kanisani warudi nyumbani wakanyenyekee. Inanichoma moyo. Bwana wetu alipopigwa kofi mbele ya kuhani Anasi hakurudisha kofi, lakini hakunyamaza: aliuliza kama amesema vema, anapigwa kwa nini. Soma Yohana 18:23. Aliyewatawadha wanafunzi miguu usiku ndiye aliyeuliza swali hilo usiku ule ule. Mnyenyekevu anajua yeye ni wa nani, kwa hiyo anaweza kupiga magoti na anaweza pia kudai haki. Anayemfundisha mwanamke kwamba kukanyagwa ni utakatifu anautetea ukatili.

Na kumtegemea Mungu je? Zamani nilidhani ni jambo la maombi tu, kati yangu na Yeye, mlango umefungwa. Kumtegemea Mungu namna hiyo kulikuwa rahisi, kwa kuwa hakukunilazimu kuonekana nimepungukiwa. Lakini Sala ya Bwana inasema "utupe leo", na mkate ni "wetu". Riziki ya wiki zile 8 haikushuka kama mana. Ilikuja na mama wa karanga, na kijana aliyenichotea maji, na akina mama wa umoja niliowatumia ujumbe, kwa vidole vilivyotetemeka, kwamba chakula kimeniishia. Walikuja siku hiyo hiyo. Mmoja wao aliangua kicheko cha furaha mlangoni: "Mwalimu naye anaombaga!"

Hogo lilitolewa Mei. Nilipoweza kutembea kwa fimbo, safari ya kwanza ilikuwa kwenda kwa yule mama, mikono mitupu. Nilitaka kubeba sukari, nikairudisha kabatini. Akanikaribisha kigodani, akanipa karanga kwenye kisahani cha bati na chai ya rangi. Nikala zote.

Sijapona kabisa. Jumanne iliyopita binti yangu alipiga simu kutoka Mwanza, akauliza, "Mama, unahitaji nini?" Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Sihitaji kitu, mwanangu." Nikakata simu, nikakaa dakika chache nikilitazama pakiti la dawa za presha mezani. Nikampigia tena, nikamwambia zimebaki za siku nne.

Mwalimu mstaafu, Bukoba